Stesheni ya Dar: kwa nini treni imegoma kuhama mjini miaka 100 na ushee?

Mtoto wa Gerezani

Wakuu heshima kwenu. Kila nikipita pale Stesheni nakuta watu wanapiga picha lile jengo la SGR, reli mpya ya kisasa, lenye sura ya Tanzanite, sawa ni zuri halina ubishi, ila hapo hapo jirani ipo stesheni ya zamani ya reli ya kati na hakuna hata anayegeuza shingo. Mimi mambo ya reli ni ugonjwa wangu tangu mdogo kwahiyo acha niwamwagie stori ya kile kieneo, na hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kubisha abishe: tangu Mjerumani mpaka leo tawala zimepita, mashirika yamebadilishwa majina weeee, upana wa reli wenyewe umebadilika, lakini kila anayekuja anarudi kujenga pale pale. Na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye SGR, kuliko hata hiyo spidi 160 mnayoipigia kelele.

Tuanze mbali kidogo. Reli ya kwanza ya Mjerumani huku kwetu haikuanzia Dar, ilianzia Tanga mwaka 1893 kuelekea Usambara kwenye mashamba yao. Dar wakati huo ndio kwanza imefanywa makao makuu, 1891, baada ya kuyahamisha kutoka Bagamoyo. Sasa angalieni hapa. Misafara mingi ya bara, pembe, watu, ilikuwa inatoka Ujiji inapita Tabora inakuja kumalizikia Bagamoyo. Ungeniuliza mimi miaka hiyo ningesema reli ianzie Bagamoyo, njia si ipo tayari bana. Tatizo Bagamoyo maji mafupi, meli kubwa inatia nanga kule mbali mzigo unaletwa na mashua. Dar bandari imeingia ndani, imejikinga yenyewe na kina kipo. Basi kule bara wakafuata njia ya misafara karibu ile ile ila huku pwani wakaitoa Dar, na Bagamoyo ikabaki na majengo yake.

Ujenzi umeanza 1905, akaja mpaka mtoto wa Kaiser, Prince Adalbert, kuchimba udongo wa kwanza. Mkandarasi Philipp Holzmann. Mwaka huo huo kusini Maji Maji imewaka, hawa huku wanapiga mataruma. Desemba 1907 wako Morogoro, 1912 Tabora, Februari 1914 Kigoma, kama kilomita 1,250 hivi. Hesabu miezi, Agosti 1914 vita kuu ya kwanza imeanza, yaani Mjerumani kaifaidi reli nzima nusu mwaka tu kwa amani.

Na mzigo wa maajabu kuliko yote uliowahi kupita Dar kwenda bara ni meli. Meli! Graf von Götzen imeundwa Papenburg Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikashushwa Dar ikapanda treni mpaka Kigoma ikaungwa upya, 1915 iko majini. Mwaka unaofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakati wanakimbia, Mwingereza akaja kuiibua, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kila msumari wa Liemba ulipita Dar kwa reli hii.

Nitaendelea na zama za Mwingereza, wenye lenu mwageni.

Sukuma Gang wa Zamani

Uzi mtamu mkuu, ila mbona huitaji TAZARA? Wachina walijenga stesheni kubwa kabisa kuliko hiyo unayoisema.

Mtoto wa Gerezani

TAZARA ni nyingine kabisa ndugu yangu, ile iko barabara ya Pugu, Nyerere Road ya sasa, reli imekabidhiwa 1976 inaenda mpaka Kapiri Mposhi Zambia, kilomita 1,860. Na upana wa reli tofauti, ile milimita 1,067 hii ya kati 1,000, ndio maana pale Kidatu mzigo inabidi uhamishwe kutoka behewa la huku kwenda la kule. Ukimwambia bodaboda nipeleke stesheni ya treni bila kufafanua utajikuta Vingunguti na tiketi ya Kigoma mkononi.

Sukuma Gang wa Zamani

Hahaha hiyo ishamtokea shemeji yangu, na alikuwa na mikungu ya ndizi.

Gadi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Mimi nimefanya kazi reli, nimeanza kijana mdogo wakati bado ni East African Railways, nikaja kumalizia kwenye shirika la Tanzania. Naomba niongezee hapo kwa Mwingereza maana mnaruka vitu.

Mwingereza alipochukua nchi reli iliitwa Tanganyika Railways. Halafu 1948 wakaiunganisha na ya Kenya na Uganda ikawa East African Railways and Harbours, makao makuu Nairobi. Hapo ndipo Dar ikawa stesheni ya pili, nasema kwa heshima ya ndugu zetu wa Kenya, lakini ndivyo ilivyokuwa, oda zinatoka Nairobi, karakana kubwa iko Nairobi, sisi huku tunasubiri.

Na msisahau wafanyakazi. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, Katibu Mkuu wake Kasanga Tumbo, kiligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Miezi miwili treni hakuna, na nchi ndio inajiandaa na uhuru! Huyo Tumbo baada ya uhuru alipelekwa London kuwa balozi, hakukaa, akajiuzulu akarudi kuanzisha chama cha upinzani, baadaye akawekwa kizuizini. Watu wa reli tulikuwa hatuchezewi.

1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, mpaka na Kenya umefungwa, kila mtu kabaki na kilichokuwa upande wake siku hiyo. Kwetu siku ile ilikuwa kama ndugu waliogombana kwenye mirathi, aliyekaa karibu na sanduku ndiye mwenye ufunguo. Sisi tukaanzisha Shirika la Reli Tanzania, TRC, tukaanza kujipanga upya kwenye vipuri na kwenye vichwa vya treni.

Ila stesheni ile ilikuwa na maisha. Saa kumi na moja jioni treni ya bara inaondoka, kuanzia saa nane watu washajaa na makapu, vitanda vya chuma, baiskeli, mama anaaga mtoto dirishani, mpagazi anadai hela yake, polisi anapiga filimbi. Daraja la tatu mlangoni hapapitiki kwahiyo watu wanapitishwa dirishani na mizigo yao. Mimi na bendera yangu ya kijani nasubiri stesheni masta, na hakuna anayeniona.

Binti Mrangi

Shikamoo mzee. Hapo kwenye dirishani umenikumbusha, baba alinirusha ndani kama furushi enzi hizo tunaenda Dodoma. Na kuku wanaouzwa stesheni ya Saranda je? Mbona hamjamtaja?

Gadi Mstaafu

Marahaba binti yangu. Kuku wa Saranda ni somo lake peke yake. Treni ikikaribia tu mnamsikia mtu aliyelala tangu Morogoro ameamka.

Muha Asilia

Nakazia. Mimi wa Kigoma, kwetu treni ilikuwa ndio barabara. Dagaa na mawese yanashuka Dar, kurudi tunapanda na masufuria, vitenge, redio. Na wengi hapa hawajui kwamba kulikuwa na Wabelgiji pale Dar na Kigoma. Mwaka 1921 Uingereza ilikubaliana na Ubelgiji wapewe eneo bandarini Dar na jingine Kigoma, likaitwa Belbase, kodi faranga moja kwa mwaka, ndiyo moja! Mzigo wa Kongo na wa Ruanda-Urundi unavuka ziwa unaingia Kigoma, unapanda behewa unaenda moja kwa moja mpaka kwenye eneo lao Dar na kupakiwa melini. Bado nikikaa Buja, yaani Bujumbura, na wazee wanakuambia bidhaa za dukani zilikuwa zinatoka "Dar kwa treni". Kwahiyo hiyo stesheni haikuwa ya Dar peke yake, ilikuwa mlango wa nchi nne.

Mtoto wa Gerezani

Muha asante sana, hapo ndio kwenye hoja yangu. Stesheni iliwekwa pale kwa sababu ya gati. Mjerumani hakuwa na mpango wa kumrahisishia abiria wa Kariakoo, Kariakoo yenyewe ilikuwa haijawa Kariakoo, jina lenyewe limekuja na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps. Alitaka behewa lisimame ubavuni mwa meli basi. Mji ndio ulikuja ukaizunguka stesheni, ofisi, maduka, magodauni, mabasi, Mnazi Mmoja ile pale, Mnara wa Saa ule pale. Abiria tumefaidi kitu ambacho hakuna aliyetupangia.

Wakanai

Sasa jirani zenu wa Nairobi tunaingia hivi. Kwetu ni kinyume kabisa, huko Dar mji ulikuwako reli ikaja, Nairobi reli ndio ilizaa mji. Walianza Mombasa 1896, 30 Mei 1899 reli ikafika mahali pa kinamasi, hakuna kitu, wakaamua kuweka depo hapo kabla ya kupanda milima, na hiyo depo ndiyo leo mnaiita Nairobi. Stesheni ya zamani bado iko tao, mtu yeyote akikwambia "tukutane Railways" unajua ni wapi.

Lakini SGR ilipokuja 2017 haikuingia tao. Inaishia Syokimau. Ukishuka Madaraka Express uko mbali na mji, inabidi upande treni ya komyuta ikulete stesheni ya zamani, ama utafute teksi na foleni ya Mombasa Road unaijua. Mombasa nako vile vile, terminal iko Miritini, nje ya kisiwa, na reli ya zamani ilikuwa inafika kisiwani kabisa. Kwa hivyo ndugu wa Dar mimi nawaonea wivu kidogo, kidogo tu, mpira bado tunawafunga.

Mtoto wa Gerezani

Hiyo ya mpira tutafungua uzi wake. Ila asante, ndicho nilichokuwa nangoja mtu wa Nairobi aseme mwenyewe.

Mhandisi Njaa

Nyie mnashangilia tu, acha mimi niwe mbaya. Kuleta SGR mpaka katikati ya Dar kumegharimu. Reli imeinuliwa juu ya nguzo zaidi ya kilomita mbili kuingia mjini, unajua daraja la treni ya namna ile ni bei gani? Hapo hapo kuna bomoabomoa, watu wa Buguruni na kwingine waliamka wakakuta alama ya X ukutani kwa sababu hifadhi ya reli inatakiwa iwe wazi, na wengine walikuwa wamekaa pale tangu kwa babu zao. Tungeishia Pugu, tukaweka treni ya mji ya mara kwa mara kutoka Pugu kuja mjini, hela ikabaki. Serikali yenyewe ishahamia Dodoma, mji wa Dar unapanuka kwenda Kibaha, Chanika, Bunju, huko katikati watu wanapungua kulala, wanakuja kufanya kazi tu na kurudi.

Mtoto wa Gerezani

Mkuu hoja yako nzito siipuuzi. Kwenye bomoabomoa sina la kukujibu, ile iliumiza watu na kusema sheria ilikuwepo hakumrudishii mtu nyumba. Ila kwenye Pugu nakataa.

Kwanza Pugu ipo, SGR ina stesheni Pugu, mtu wa Gongo la Mboto treni za kawaida anashukia pale. Hujanyimwa kitu. Pili angalia anayepanda hiyo treni ni nani, toa wale wa kwenda kupiga picha. Mfanyabiashara katoka Moro au Dodoma kaja Kariakoo kuchukua mzigo, anashuka, anatembea au anachukua bajaji ya karibu, jioni anarudi kalala kwake. Umwambie ashuke Pugu abadilishe treni na maroba yake matatu? Atarudi kwenye basi kesho yake. Nauli za 2024 zilikuwa Dar–Moro elfu 13, Dar–Dodoma treni ya kawaida elfu 31, hiyo nauli inaeleweka kwa sababu ukishuka umeshafika. Ukiongeza teksi ya kutoka Pugu hesabu inakufa.

Tatu mwendokasi. Gerezani mabasi yanageuzia pale pale kwa miguu kutoka Stesheni, unaenda zako Kimara. Hiyo ingeundwaje Pugu?

Mhandisi Njaa

Mwendokasi usiitaje kwenye hoja za ushindi mkuu, tunaijua foleni ya kuingia kwenye lile basi. Kwenye mizigo ya Kariakoo nakupa nusu. Nusu tu. Ila mizigo mikubwa ya makontena haina sababu ya kuzurura mjini, bandari kavu ya Kwala imejengwa kwa ajili hiyo na hapo naona wamenisikiliza mimi.

Mtoto wa Gerezani

Hapo tupo pamoja.

Kibarua wa Ubungo

Mnazungumzia SGR mnaruka treni ya Mwakyembe jamani! Oktoba 2012, Dr Mwakyembe ni waziri wa uchukuzi, foleni ya Dar imetushinda, akaja na wazo la kutumia reli hii hii ya Mjerumani kubeba watu asubuhi na jioni. Stesheni, Kamata, Buguruni, Tabata, Mabibo, Ubungo Maziwa. Nauli 400. Mabehewa yalikuwa ya zamani yamepigwa rangi, yanabana, joto, watu wananing'inia, ila ulikuwa unaliona daladala lako la kila siku limesimama pale Tabata wewe unapita unawapungia mkono. Reli iliyojengwa kubeba katani na meli ya vipande ikaja kutubebea sisi mafundi na wanafunzi. Watu wa TAZARA nao wakawa na yao.

Mimi kwa ile treni namsamehe yule waziri mengi.

Binti Mrangi

Ile treni ilinifanya niwahi kazini mpaka bosi akashtuka.

Gadi Mstaafu

Wanangu na miaka mibaya nayo semeni, stesheni haikuwa sherehe siku zote. 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar ilipata shida kule Igandu, Dodoma, ikashindwa mlima ikarudi nyuma kwa kasi ikaigonga ya mizigo. Walikufa watu 281. Sisi tuliokuwa kazini tulijua majina ya waliokuwa zamu. Siandiki zaidi.

Halafu 2007 serikali ikaingia ubia na kampuni ya Kihindi, RITES, asilimia 51 yao, jina likawa TRL. Wafanyakazi walikuwa na manung'uniko ya mishahara, treni zikapungua, na mwisho wa 2009 kuingia 2010 mafuriko yakaichukua reli kule Kilosa na Gulwe. Ukawa wakati ambao treni ya abiria inaanzia Dodoma. Fikiria, stesheni ya Dar ipo, saa ipo, mabenchi yapo, ila abiria wa Kigoma anapanda basi kwanza mpaka Dodoma ndio akaitafute treni. Ubia ukavunjika, serikali ikachukua tena, na sheria ya 2017 ikarudisha TRC kama zamani.

Muha Asilia

Mzee umenigusa hapo, hiyo miaka sisi tulisafiri kwa maumivu. 2015 ilipokuja ile treni ya Deluxe tukapumua kidogo.

Kichwa Mchongoko

Vijana wa leo tuingie basi. Mimi nimejua stesheni na SGR tu. Msingi umewekwa Aprili 2017 na Magufuli pale Pugu, Dar–Moro Yapi Merkezi na Mota-Engil, abiria wa kwanza wa Moro Juni 2024, Dodoma Julai, na 1 Agosti 2024 Rais Samia akazindua rasmi. Stesheni ya Dar ikapewa jina la Magufuli, ya Dodoma la Samia. Halafu Novemba ikaingia treni ya mchongoko, pua imechongoka kama kalamu ya risasi. Dar mpaka Dodoma unakunywa soda moja umefika wakati mabasi yalikuwa yanakula siku nzima.

Swali langu kwa wazee: hivi ile reli ya zamani bado inafanya kazi au ni makumbusho?

Mtoto wa Gerezani

Inafanya kazi bana! Reli ya zamani, MGR kama wanavyoiita sa hivi, ndiyo inayokwenda Kigoma, Mwanza, Mpanda, maana SGR ya abiria inaishia Dodoma kwa sasa. Na kaskazini nako, treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka kama 25 ya kufa, Oktoba 2020 ikafika Arusha. Inapitia kile kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi kilichojengwa 1963 kuunganisha reli ya kati na ya Tanga. Kabla ya hapo reli hizi mbili za Mjerumani zilikuwa hazijuani kabisa, na kutoka Dar kwenda Moshi kwa treni ilikuwa ndoto.

Sasa angalia uzuri wake: abiria wa Kigoma na abiria wa mchongoko wote wanakuja eneo moja. Mmoja ana begi la laptopu mwingine ana mkungu.

Kichwa Mchongoko

Kumbe. Mi nilikuwa nadhani pale pa zamani ni ofisi tu.

Mhandisi Njaa

Swali moja kwa mwenye uzi, maana unasifia tu. Lile jengo la zamani unataka lifanywe nini SGR ikifika Kigoma na Mwanza? Maana hapo MGR ya abiria haitakuwa na kazi.

Mtoto wa Gerezani

Treni za mji. Reli ipo tayari kutoka pale mpaka Ubungo na mpaka Pugu, njia ya Mwakyembe. Waiboreshe, treni ziwe nyingi kutwa nzima sio asubuhi na jioni tu, na jengo la zamani liwe la abiria wa Dar wenyewe wakati la Tanzanite linabeba wa mikoani. Wasije wakaligeuza maduka ya simu. Na chumba kimoja waweke makumbusho, Nairobi wanayo ya reli pale karibu na stesheni yao tangu 1971, sisi vitu vyetu viko stoo huko.

Wakanai

Makumbusho yetu ina hadi behewa ambalo simba alimchukua afisa wa polisi Ryall ndani yake pale Kima mwaka 1900. Mkija mnipigie niwapeleke, ila nauli ya kuingia kila mtu ajilipie.

Binti Mrangi

Jamani samahani kuuliza kitu cha kawaida katikati ya wasomi, nina mama mdogo anaenda Tabora mwezi ujao na ana mizigo mingi, tiketi za ile ya zamani anakatia wapi, dirishani au kuna mtandao?

Gadi Mstaafu

Binti mwambie aende Stesheni mwenyewe mapema, siku kadhaa kabla, aulizie pale kwenye madirisha na aulize uzito wa mizigo hapo hapo. Asimpe mtu wa nje hela yoyote. Na akipata behewa la kulala achukue kitanda cha chini, wa juu wanahangaika usiku.